Mgongo wazi na kichwa kikubwa: tarehe za kuhesabu na saa za kuwahi, kwa familia na zahanati za Nyanda za Juu Kusini

Chukua mwanamke wa Makambako mwenye mzunguko wa siku 28, aliyeanza hedhi tarehe 1 Juni. Mimba hutungwa karibu tarehe 15. Tarehe 29 Juni hedhi haijaja, na yeye anadhani ni uchovu wa kuvuna mahindi. Tarehe 3 Julai, mgongoni mwa kiinitete, bamba la chembe hai zitakazokuwa ubongo na ugwe mgongo linaanza kujikunja. Tarehe 7 kingo zake zinagusana. Kufikia tarehe 10 upande wa kichwa umeziba, na tarehe 13 Julai upande wa kiuno nao umeziba, au umebaki wazi. Kiinitete chote wakati huo hakifikii urefu wa punje ya mchele wa Kyela.

Kwa hiyo kutoka siku ya kukosa hedhi hadi mlango kufungwa ni wiki mbili tu. Mwanamke huyu akienda kliniki mimba ikiwa na miezi minne, kama wanavyofanya wengi, atakuwa amefika Oktoba. Vidonge vya foliki asidi, vitamini inayosaidia mgongo huo kufungwa, atakavyopewa siku hiyo vitamsaidia damu yake, lakini mgongo wa mtoto ulishafungwa, au ulishashindwa kufungwa, tangu Julai.

Fanya hesabu hii kwa tarehe zako: siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 42. Hapo ndipo mrija wa fahamu, yaani lile bamba lililojikunja, unapomaliza kufungwa kwa mwenye mzunguko wa siku 28. Mzunguko ukiwa mrefu zaidi, tarehe inasogea mbele kwa idadi hiyo hiyo ya siku.

Kinachofungwa ni nini

Mtu anayeshona mdomo wa gunia huanzia pembeni. Mwili hauanzii pembeni. Bamba lile hujikunja likawa mfereji, kingo zikakutana kwanza karibu na shingo, kisha mshono ukaenda pande mbili, kichwani na kiunoni. Ndiyo maana kasoro ziko za namna mbili kubwa. Mshono usipofika kichwani, fuvu na sehemu kubwa ya ubongo havijengeki. Mtoto huyo hawezi kuishi, na wengi hufa tumboni au ndani ya saa au siku chache baada ya kuzaliwa. Mshono usipofika chini, pingili za mgongo hubaki na tundu, na ugwe mgongo hutokeza nje ukiwa ndani ya kifuko chembamba chenye maji, au ukiwa mtupu kabisa, mwekundu kama kidonda. Huo ndio mgongo wazi. Wengine huzaliwa na kifuko kisogoni au usoni, ambamo utando wa ubongo na wakati mwingine ubongo wenyewe umetokeza.

Kichwa kikubwa ni jambo linaloambatana. Mgongo ulio wazi huufanya ubongo wa nyuma kushuka na kubana njia ya maji ya ubongo. Maji yanazalishwa kila siku lakini hayapati pa kutokea. Takriban watoto 8 kati ya 10 wenye mgongo wazi wa ugwe kutokeza hupata tatizo hili. Kichwa kikubwa huweza pia kuja peke yake, hasa baada ya maambukizi ya ubongo katika wiki za kwanza za maisha, na hicho foliki asidi hakikizuii.

Hakuna laana hapa, wala mama hakula kitu cha mwiko. Ugomvi wa kutafuta mchawi una gharama moja inayopimika: saa zinazopotea kabla ya mtoto kufika hospitali.

Vidonge: kiasi gani, lini, na vya aina gani

Kiasi cha foliki asidi cha kinga kwa mwanamke asiye na hatari ya ziada ni mikrogramu 400, yaani miligramu 0.4, kila siku. Aanze angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba, mitatu ikiwa bora, na aendelee hadi mwisho wa wiki ya 12. Kwa kuwa nusu ya shughuli ni kujua lini pa kuanzia, shika alama hii rahisi: siku unayokwenda kutoa kijiti, kutoa kitanzi au kukataa sindano inayofuata ya uzazi wa mpango ndiyo siku ya kuondoka na foliki mkononi. Muuguzi wa uzazi wa mpango anayetoa kijiti bila kusema neno juu ya foliki amefanya nusu ya kazi.

Dukani na zahanati utakutana na vitu viwili vinavyochanganywa sana.

Cha kwanza ni kidonge cha damu chenye madini ya chuma na foliki pamoja, ambacho wengi wanakiita FEFO. Soma karatasi. Vingine vina foliki ya miligramu 0.4, vingine 0.25. Chenye 0.4 kinatosha kwa kinga ya mgongo, hata kama hujashika mimba. Kitakupa choo cheusi na pengine choo kigumu, hiyo ni kazi ya chuma. Kunywa baada ya chakula kama tumbo linakusumbua, ila si pamoja na chai, kwa sababu chai huzuia chuma kufyonzwa. Kwa watu wa Mufindi na Rungwe, ambako chai hailali mezani, acha saa mbili kati ya kikombe na kidonge.

Cha pili ni foliki peke yake ya miligramu 5, kidonge kidogo cha njano. Hiki ni zaidi ya mara kumi ya kiasi cha kawaida na kina watu wake: mwanamke aliyekwisha kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi au asiye na fuvu, mwanamke ambaye yeye au mume wake alizaliwa na tatizo hilo, mwenye kisukari, na anayetumia dawa fulani za kifafa. Kisianzishwe kwa kusikia kwa jirani. Kiasi kikubwa cha foliki huweza kuficha upungufu wa vitamini B12 usionekane kwenye kipimo cha damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuumia, na pia hupunguza nguvu ya SP, dawa ya kukinga malaria kwa wajawazito.

Kinga hii haikubuniwa mezani. Mwaka 1991 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa katika vituo 33 vya nchi 7 kwa wanawake waliokwisha kupata mtoto mwenye kasoro hii: waliotumia miligramu 4 za foliki kila siku walipungukiwa na marudio kwa asilimia 72. Mengine yaliyobaki yana sababu zake, kwa hiyo mwanamke aliyekunywa vidonge vizuri akazaa mtoto mwenye mgongo wazi asiulizwe alikosea wapi.

Chakula, na kwa nini unga wa mashine ya kijijini hauhesabiki

Tanzania iliweka kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano na mahindi mwaka 2011, foliki ikiwemo. Tatizo ni kwamba kanuni inamshika mwenye kiwanda. Mkulima wa Mbozi au Ludewa anabeba debe lake la mahindi, anakwenda mashine, anasaga, anarudi. Unga huo haujapita popote penye kuongezwa kitu. Ndiyo maana kula ugali kila siku katika mikoa inayolisha nchi si kinga. Ukinunua unga wa dukani, tafuta nembo ya chakula kilichoongezwa virutubishi. Kama haipo, hesabu kwamba hakuna.

Foleti, yaani foliki ya asili ya chakula, iko kwenye maharage, mboga za majani, parachichi, karanga na maini. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa hutoa mikrogramu 200 na zaidi kidogo. Nusu ya parachichi hutoa takriban 80. Inaonekana nyingi, lakini foleti ya chakula hufyonzwa kidogo kuliko ya kidonge, na mapishi yetu huimaliza: majani ya maboga yanachemshwa, maji yanamwagwa, kisha yanaungwa tena na kupashwa jioni. Foleti huyeyuka kwenye maji na huharibiwa na moto mrefu. Pika kwa maji machache, dakika chache, usimwage mchuzi. Halafu kunywa kidonge hata hivyo.

Mahindi yenye ukungu

Hili halisemwi vya kutosha, na hapa kwetu lina uzito. Kuvu wa jamii ya fuzariamu, wanaoanza kushambulia gunzi likiwa bado shambani, hutengeneza sumu iitwayo fumonisini. Sumu hiyo huvuruga utando wa chembe hai na kuzuia foleti isiingie ndani. Ilihusishwa na ongezeko la watoto wenye kasoro za mrija wa fahamu huko Texas, mpakani na Meksiko, mwanzoni mwa miaka ya 1990, miongoni mwa watu ambao chakula chao kikuu ni mahindi kama sisi.

Wakati wa kuvuna, tenga magunzi yenye punje za waridi au nyeupe za unga-unga, yaliyotobolewa na funza na yale yaliyolala chini. Usipukuchue pamoja ukitegemea kupepeta. Anika juu ya turubai, si juu ya udongo. Kupima ukavu bila mashine: chukua chupa kavu ya kioo, weka chumvi kavu vijiko vitatu vya chakula na punje za mahindi kujaa robo ya chupa, tikisa kwa dakika kadhaa, acha zitulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji mengi kwa kuhifadhi. Ikidondoka yote chini, weka kwenye mifuko.

Kukoboa hupunguza fumonisini kwa sababu nyingi iko kwenye ganda na kiini, lakini huondoa na foleti. Kwa mahindi safi, dona ni bora. Kwa mahindi yenye mashaka, koboa. Na yale mabovu yaliyotengwa yasiishie kwenye kangala au komoni. Kuchemsha kwa kawaida hakuiui sumu hii, na mwenye mimba changa anayeonja pombe ya mahindi mabovu anakunywa matatizo mawili kwa kikombe kimoja.

Dawa za kuzungumzia kabla ya mimba

Sodiamu valproeti, dawa ya kifafa, ndiyo inayoongoza kwa kuleta mgongo wazi: mtoto 1 hadi 2 kati ya kila 100. Kabamazepini nayo huongeza hatari, kwa kiwango kidogo zaidi. Mwanamke mwenye kifafa anayetaka mtoto aende kwa daktari miezi kadhaa kabla, abadilishiwe dawa au apunguziwe dozi, na apewe foliki ya kiasi kikubwa. Aliyegundua tayari ni mjamzito asiache dawa kwa siku moja: degedege mfululizo huweza kumuua yeye na mtoto.

Dolutegraviri, dawa ya ARV iliyo ndani ya kidonge cha TLD, bado inaogopwa bila sababu Njombe, Iringa na Mbeya, ambako wengi wanatumia ARV. Hofu ilianzia Botswana mwaka 2018, pale hesabu za awali zilipoonyesha kasoro 4 kati ya wanawake 426 waliokuwa wakiitumia wakati wa kushika mimba. Wanawake walipoongezeka kwenye hesabu hiyo, tofauti ilipungua hadi ikatoweka. Usiache TLD. Septrini inazuia kazi ya foleti mwilini; anayeitumia kwa kinga aendelee kama alivyopangiwa, lakini amwambie mtoa huduma kwamba anatafuta mtoto. SP haitolewi miezi mitatu ya mwanzo, na sababu mojawapo ni hiyo hiyo.

Homa kali wiki zile za mwanzo nayo ni hatari. Ishushe, na tafuta chanzo chake.

Ultrasaundi

Kipimo chenye faida kwa mgongo ni cha wiki ya 18 hadi 22. Mwambie mpimaji wazi: "Naomba uangalie kichwa na mgongo wote hadi kwenye mkia." Kipimo cha dakika tatu cha kujua jinsia na mapigo ya moyo hakihesabiki. Fuvu lisilojengeka huonekana mapema zaidi, kuanzia karibu wiki ya 12. Mgongo wazi mara nyingi hujulikana kwanza kwa kichwa: mifupa ya mbele inabonyea, na ubongo mdogo wa nyuma unapinda kama ndizi. Maji mengi kupita kiasi kwenye tumbo la uzazi ni sababu ya kutafuta tena.

Kasoro ikionekana, faida kubwa ni kupanga mahali pa kujifungulia. Jifungulie hospitali yenye wodi ya watoto wachanga, si zahanati. Upasuaji wa uzazi si lazima kwa kila mgongo wazi. Huhitajika kichwa kikiwa kikubwa mno au mtoto akiwa ametanguliza matako.

Saa ya kwanza baada ya kuzaliwa

Hii ni kwa mkunga wa zahanati, lakini ndugu aliye karibu naye aijue.

1. Kama mtoto halii, usaidizi wa kupumua unatangulia yote. Mlaze chali juu ya kata ya kitambaa safi, kama ngata ya kubebea ndoo, kifuko kikikaa kwenye tundu la katikati bila kuguswa.

2. Akishapumua, mlaze kifudifudi au ubavu. Tumia glavu zisizo za mpira wa asili kama zipo. Watoto hawa hupata mzio wa mpira kwa urahisi kwa sababu huguswa nao tangu siku ya kwanza, upasuaji hadi upasuaji.

3. Lowesha gozi tasa kwa nomo salaini (maji tasa ya chumvi) iliyopashwa. Chupa izamishwe kwenye maji ya uvuguvugu, kisha jaribu tone ndani ya kifundo cha mkono wako. Usisikie joto wala baridi. Funika kidonda chote. Juu ya gozi weka nailoni mpya, safi, ya kufungia chakula, ili maji yasikauke na mtoto asipoe. Bandika plasta kwenye ngozi nzima pembeni, si juu ya kifuko.

4. Usipake spiriti, jivii, ayodini, poda, asali wala dawa ya majani. Kilicho wazi pale ni mishipa ya fahamu hai. Spiriti huichoma, na iliyokufa hairudi. Usikipasue kifuko wala kukifunga kwa uzi.

5. Tandika kipande kingine cha nailoni kati ya kidonda na njia ya haja kubwa, kikibandikwa juu ya makalio kama pazia. Vijidudu vya kinyesi ndivyo vinavyoleta homa ya uti wa mgongo kwa wengi wao.

6. Vitamini K miligramu 1 kwenye msuli wa paja. Kama safari itachelewa au kifuko kimepasuka, anza ampisilini miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito kila saa 12, na jentamaisini miligramu 5 kwa kilo mara moja kwa siku, au 3 kwa kilo kwa aliyezaliwa na uzito pungufu ya kilo 2.5.

7. Andika: saa aliyozaliwa, uzito, mzunguko wa kichwa, miguu inajikunja au la, mkojo unatoka kwa mkondo au unadondoka tu, kifuko kiko sawa au kinavuja. Daktari wa upasuaji ataamua mengi kwa mistari hiyo.

Mtoto anyonye ndani ya saa ya kwanza, akilala ubavu. Na baridi: Makete au Uwemba mwezi Julai, mtoto mwenye kitambaa chenye maji mgongoni hupoa kwa dakika chache. Joto lake liwe kati ya 36.5 na 37.5. Njia bora ni ngozi kwa ngozi: mama ameegemea, mtoto kifudifudi kifuani, kofia kichwani, soksi miguuni, blanketi juu likiinuliwa lisikandamize kidonda. Mkao huu unamfaa mtoto wa mgongo wazi kuliko mwingine yeyote.

Safari

Lengo ni mgongo kufungwa ndani ya saa 48 hadi 72. Zaidi ya hapo maambukizi huongezeka na upasuaji huanza na wiki za antibayotiki. Aliyechelewa asiambiwe arudi nyumbani. Bado anatibika, ila kwa njia ndefu.

Piga 115, namba ya bure ya m-mama, inayoratibu usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga hadi siku 28. Kituo kinachotoa rufaa kipige simu kabla gari halijaondoka kuuliza swali moja: je, daktari wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu yupo wiki hii? Kwa Mbeya, Songwe, Rungwe na Kyela mlango wa kwanza ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya na kitengo chake cha wazazi cha Meta. Kwa Iringa na Mufindi, ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na kutoka hapo barabara ziko mbili: Dodoma, takriban kilomita 260 za lami, au Dar es Salaam, takriban kilomita 500, kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, inayopasua watoto hawa kwa wingi. Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800. Kusafiri kutwa nzima na kukuta foleni ni kosa la simu isiyopigwa.

Begi: pakiti sita za gozi, chupa ya nomo salaini ya mililita 500, nailoni, plasta, nepi, kofia mbili, kadi, barua ya rufaa. Ongeza salaini ya uvuguvugu kwenye gozi kila baada ya saa mbili au tatu. Anyonye kila gari linaposimama. Kama ni basi, kaa katikati ya gari, si kiti cha nyuma. Kona za Kitonga hurusha watu wa nyuma.

Matibabu ya watoto chini ya miaka mitano yamo kwenye sera ya msamaha katika vituo vya serikali, lakini vifaa na nauli huibuka njiani. Onana na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali siku ya kwanza, kabla ya bili, si baada yake. Chama cha wazazi wa watoto hawa, ASBAHT, husaidia kwa ushauri wa nani aonwe wapi.

Baada ya mgongo kufungwa

Upasuaji huziba, haurudishi mishipa iliyokwisha kuharibika. Miguu ambayo haikucheza kabla haitaanza kucheza. Kinachookolewa ni uhai na kilichobaki, nacho ni kingi.

Maji meupe yakivuja kwenye mshono, rudi siku hiyo hiyo. Kisha anza kupima kichwa, kwa sababu mara nyingi huanza kukua baada ya mgongo kuzibwa. Tumia futi ya fundi cherehani isiyovutika: pitisha juu ya nyusi, juu ya masikio, hadi penye mwinuko mkubwa wa kisogo. Pima mara tatu, andika namba kubwa, siku ile ile ya kila wiki. Mtoto aliyezaliwa mimba ikiwa imetimiza miezi tisa huwa na sentimita 33 hadi 37 siku ya kuzaliwa, na huongeza takriban 2 kwa mwezi katika miezi mitatu ya mwanzo. Ongezeko la zaidi ya sentimita 1 kwa wiki, utosi unaotuna mtoto akiwa ametulia, kutapika, mishipa iliyovimba kichwani au macho yanayotazama chini muda wote ni safari ya hospitali, si ya wiki ijayo.

Tiba ni shanti, mrija unaopeleka maji kutoka kwenye ubongo hadi tumboni, au kutoboa njia mpya ndani ya ubongo kwa kamera. Njia hiyo ya pili, ikiunganishwa na kuchoma kiungo kinachozalisha maji, ilikuzwa na daktari Benjamin Warf katika hospitali ya CURE ya Mbale, Uganda, na huwaepusha watoto wengi na mrija wa maisha. Mwenye shanti akipata homa, kutapika, usingizi mzito au wekundu kwenye mstari wa mrija, apimwe malaria, sawa. Lakini kipimo chanya cha malaria Kyela au Usangu hakiondoi uwezekano kwamba shanti imeziba. Miezi sita ya kwanza ndiyo yenye maambukizi mengi ya mrija.

Mkojo, eneo linalosahauliwa

Familia hutazama miguu na kichwa. Kinachoua baadaye kimya kimya ni figo. Kibofu kisichopata amri ya ubongo hakimalizi mkojo. Unabaki, unaoza, unarudi juu kwa shinikizo. Nepi kulowa muda wote haimaanishi kibofu ni kitupu. Huenda kinafurika tu.

Omba kufundishwa kutoa mkojo kwa katheta, mrija mwembamba unaoingizwa kwenye njia ya mkojo, kabla hujaruhusiwa kutoka wodini. Kwa mtoto mchanga hutumika namba 6, baadaye 8, ya plastiki au silikoni. Nawa kwa sabuni, msafishe kutoka mbele kwenda nyuma, pakaza jeli mrija. Msichana: sentimita 2 au 3 tu hadi mkojo utoke, kisha ongeza moja. Mvulana: nyoosha uume kuelekea juu na ingiza taratibu, pakikaza, subiri apumue, usilazimishe. Acha utoke wote, bonyeza tumbo la chini polepole mwishoni, kisha toa. Kila saa tatu hadi nne mchana. Osha mrija kwa sabuni, suuza ndani, anika kwenye kitambaa safi, hifadhi kwenye kopo kavu. Homa isiyo na sababu ni mkojo hadi kipimo kiseme vinginevyo. Kinyesi kigumu kikizidi hubana kibofu, kwa hiyo maji na matunda si jambo la pembeni.

Miguu isiyohisi iangaliwe kila jioni, kidole kwa kidole. Jiko la mkaa linalowekwa katikati ya chumba Njombe huunguza mguu wa mtoto huyu naye asilie. Chupa ya maji ya moto chini ya blanketi vivyo hivyo. Na kwa watu wa Rungwe: mtoto mwenye mzio wa mpira huweza kuwashwa na ndizi au parachichi, kwa sababu protini zao zinafanana. Akivimba midomo baada ya kula, sema hospitali kabla ya upasuaji wowote unaofuata.

Mimba inayofuata

Aliyekwisha kuzaa mtoto wa aina hii ana uwezekano wa mara 2 hadi 5 kati ya 100 wa kurudiwa, na ndiye mwenye haki ya foliki ya miligramu 5. Abaki kwenye uzazi wa mpango hadi awe nazo mkononi, aanze miezi mitatu kabla ya kuacha uzazi wa mpango, aendelee hadi wiki ya 12, na apimwe ultrasaundi ya wiki ya 12 na ya 20. Wiki ya 12 ikiisha, ya miligramu 5 inaachwa na inachukuliwa ya 0.4, ili dozi ya kwanza ya SP itakapotolewa isikute foliki nyingi mwilini ikaidhoofisha.